Kelele za Injini Iliyolala: Jinsi Fundi Anavyopambanua Ugonjwa wa Gari kwa Sikio

Si jambo la ajabu katika pwani ya Tanzania kuona gari la zamani limeegeshwa chini ya banda la makuti, matairi yamekwisha upepo na kuku wamekifanya kiti cha nyuma kuwa kiota. Aghalabu gari hilo ni Land Rover, au Peugeot 404, au Volkswagen ya zamani. Mwenyewe alihamishwa, au alifariki, au alikosa kipuri kimoja tu, miaka ikapita. Kisha siku moja wenye gari huazimia kulifufua. Betri hutiwa chaji, petroli mpya hutiwa, injini huwaka. Na huku watoto waliozunguka banda wakishangilia, fundi husikia kitu kinagonga ndani ya injini.

Kugonga huko ni nini? Jibu la swali hili lina uzito mkubwa. Ikiwa ni vali iliyolegea, dawa yake ni spana moja na kazi ya nusu saa. Ikiwa ni beringi ya konrodi, kila dakika ambayo injini inaendelea kuzunguka huzidi kulila chuma, na baada ya mwendo mfupi kranki yenyewe huharibika. Kwa mtu aliye Kisiwani Mafia, kranki iliyoharibika ina maana ya kuishusha injini nzima, kusafirisha chuma kizito kwa chombo kutoka Kilindoni hadi Nyamisati au Dar es Salaam, kutafuta karakana yenye mashine ya kusagia, na kungoja. Magari mengi yaliyokufa kabisa hayakufa kwa sababu ya kulala bandani. Yalikufa katika saa ya kwanza ya kuamshwa, kwa kuwa aliyeyaamsha hakujua sauti aliyoisikia ilikuwa ikimwambia nini.

Makala haya yanaeleza chanzo cha sauti hizo, na jinsi elimu ya sauti, joto na mwendo inayofundishwa katika shule za sekondari inavyotosha kuzipambanua.

HEWA YA KISIWA NA CHUMA

Kisiwa cha Mafia kimekaa baharini mkabala wa delta ya mto Rufiji. Pepo za kusi na kaskazi, kila moja kwa majira yake, hurusha hewani matone madogo mno ya maji ya bahari. Matone hayo yakikauka huacha chembe za chumvi zinazotua juu ya kila kitu, pamoja na chuma kilicho ndani ya banda.

Chumvi ya kawaida, yaani kloridi ya sodiamu, ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa unapopita kadiri ya asilimia 75, chembe ya chumvi hiyo huyeyuka yenyewe na kuwa tone la maji ya chumvi. Katika chumvi ya bahari imo vile vile kloridi ya magnesi, ambayo huyeyuka hivyo hata unyevu unapokuwa kadiri ya asilimia 33 tu. Kwa hiyo chuma cha pwani, hata kikionekana kikavu kwa macho, mara nyingi kimefunikwa na utando mwembamba wa maji ya chumvi. Maji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kwa kuwa kutu ni tendo la kikemia linaloambatana na mwendo wa umeme mdogo kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine, chuma hicho hupata kutu upesi. Tena kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa. Vipande viwili vilivyoachiana nafasi ya unywele huweza kukamatana kabisa vikipata kutu.

Taabu ya injini katika sehemu hizi haikuanza na Land Rover. Mwezi wa Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliileta ndege ya majini aina ya Curtiss katika kisiwa kidogo cha Niororo, kaskazini ya Mafia, ili kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mikono ya Rufiji. Rejeta ya ndege hiyo iliharibika, ikabidi itafutwe rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa. Ndege za Sopwith zilizofuata mwaka 1915 hazikuwa na nguvu ya kutosha katika joto la pwani. Mafanikio yalipatikana baada ya kuletwa ndege nyingine zilizorushwa kutoka Mafia yenyewe, na manowari ile ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wahandisi wa wakati ule walijifunza kwa gharama kubwa kwamba injini iliyokubali Ulaya si lazima ikubali Mafia.

Ndani ya injini iliyolala hutokea mambo manne.

Kwanza, oili huteremka. Injini inapofanya kazi, kranki haigusani na beringi zake. Huelea juu ya utando wa oili. Gari likikaa miezi na miaka, utando huo hutiririka chini na kuacha chuma uchi.

Pili, hewa yenye unyevu huingia ndani ya silinda. Injini ya hatua nne hufanya kazi kwa zamu: silinda moja inavuta, nyingine inagandamiza, nyingine inasukumwa na moto, na nyingine inatoa moshi. Kwa hiyo injini ya silinda nne inaposimama, kwa kawaida silinda mbili huwa zimefungwa na mbili vali zao zi wazi. Hizi mbili zilizo wazi ndizo zinazopata kutu zaidi. Fundi anayeona silinda mbili zimeharibika na mbili ni nzima asidhani ni bahati. Ni mahali ambapo injini ilisimama siku ya mwisho.

Tatu, petroli huharibika. Sehemu yake nyepesi hupaa, na iliyobaki huungana na oksijeni ya hewani na kuwa gundi ya rangi ya asali. Gundi hiyo huziba vitundu vya kabureta, na hushika mashina ya vali. Aidha, tangi lisilojaa huvuta hewa ya usiku kila siku. Mvuke hugeuka maji, na maji hukaa chini ya petroli.

Nne, wageni huhamia. Panya hupenda kujenga kwa makumbi ya nazi ndani ya chombo cha kusafishia hewa, na nyigu wa udongo huziba bomba la ekzosi.

KAZI KABLA YA KUWASHA

Kosa kubwa ni kufunga betri na kubonyeza stata. Kabla ya hapo kuna kazi ya subira, na kila hatua yake hufuta sauti moja katika orodha ya sauti zitakazoogopwa baadaye.

Plagi zote hutolewa, na vijiko viwili au vitatu vya oili nyepesi hutiwa katika kila silinda, kisha injini huachwa siku moja au zaidi ili oili ipenye kwenye ringi za pistoni. Oili kuukuu humwagwa na kutazamwa: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, ikiwa na chembe zinazong'aa, beringi zimekwisha anza kulika. Oili mpya na filta mpya hutiwa. Tangi na kabureta husafishwa.

Kifuniko cha juu ya vali hufunguliwa. Kila vali hubonyezwa chini kwa kipande cha mti, ikaangaliwa kama inarudi juu mara moja. Vali iliyoshikwa na gundi haitarudi, na injini ikizungushwa kwa nguvu katika hali hiyo, pushirodi yake hupinda, au katika baadhi ya injini pistoni huigonga vali yenyewe.

Baada ya hayo injini huzungushwa kwa mkono. Land Rover za zamani zina nafasi ya hendeli mbele. Mwenye kuishika aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asikizungushie hendeli, kwa maana injini ikirudi nyuma ghafla huvunja kidole. Injini ikizunguka bila kukwama, stata hutumiwa huku plagi zingali nje, kwa vipindi vifupi, hadi taa ya oili izimike. Bila mgandamizo ndani ya silinda, beringi hazibebi mzigo mkubwa, na oili hupata wasaa wa kufika mahali pake. Hapo tu ndipo plagi hurudishwa na injini huwashwa, nje ya banda, kwa sababu moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua.

KWA NINI BISIBISI HUSIKIA

Sauti ni mtetemo unaosafiri. Hewani husafiri kwa mwendo wa kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Ndani ya chuma cha pua, kadiri ya mita 5,000 kwa sekunde. Lililo muhimu zaidi kwa fundi ni kwamba sauti inapofika kwenye mpaka wa chuma na hewa, sehemu yake kubwa hurudishwa ndani. Hii ndiyo sababu mtu aliyesimama kando ya injini husikia mchanganyiko tu, asijue kelele inatoka mbele au nyuma.

Mafundi huitatua shida hii kwa bisibisi ndefu. Ncha yake huwekwa juu ya injini na mpini hubanwa kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sasa sauti haina haja ya kupita hewani. Hutoka chuma hadi mfupa. Bisibisi ikihamishwa kutoka mahali hadi mahali, kelele huongezeka kadiri inavyokaribia chanzo chake. Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba ili asikilize moyo wa mgonjwa, na hapo ndipo ilipoanza stethoskopu. Bisibisi ya fundi ni jamaa wa karibu wa chombo hicho.

Tahadhari ni lazima: feni na mikanda huzunguka karibu sana na uso wa msikilizaji. Kanga, shuka, nywele ndefu na mikono mipana ya kanzu viwekwe mbali.

HESABU YA MAPIGO

Mahali pa sauti ni ushahidi wa kwanza. Ushahidi wa pili ni idadi ya mapigo, na hapa hesabu ndogo hutoa jibu kubwa.

Katika injini ya hatua nne, kranki huzunguka mara mbili kila kamshafti inapozunguka mara moja. Kila vali hufunguliwa na kamshafti, kwa hiyo hupiga mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Injini ikinguruma polepole kwa mizunguko 600 kwa dakika, kranki huzunguka mara 10 kwa sekunde. Basi vali moja iliyolegea itagonga mara 5 kwa sekunde, na kitu kilicholegea kwenye kranki, kama vile flaiwili au puli ya mbele, huweza kugonga mara 10.

Sikio la binadamu haliwezi kuhesabu mapigo kumi kwa sekunde, lakini mkono huweza kuyafuata matano. Njia rahisi ni kuchukua penseli na karatasi, kufuatisha kila pigo kwa nukta huku mkono ukitembea, na mwenzi akiangalia saa. Baada ya sekunde 10 nukta huhesabiwa. Zikiwa kadiri ya 50, kelele ni ya nusu ya mwendo wa injini, na shaka kubwa huangukia vali na vifaa vinavyoendeshwa na kamshafti. Mkono ukishindwa kabisa kuifuata, pengine ni ya mwendo mzima.

KUZIMA SILINDA MOJA MOJA

Ushahidi wa tatu ndio wenye nguvu kuliko yote. Fundi huiondolea silinda moja cheche zake kwa kuunganisha waya wa plagi na bodi ya injini, akitumia koleo yenye mpini usiopitisha umeme, maana waya huo hubeba volti zaidi ya 10,000. Kazi hii ni ya fundi, si ya mwanafunzi. Silinda hiyo haitalipua tena petroli, ingawa pistoni yake itaendelea kupanda na kushuka, na vali zake zitaendelea kufunguka na kufunga.

Ikiwa kelele haibadiliki, chanzo hakitegemei nguvu ya moto. Kwa kawaida ni vali, au kifaa cha nje. Ikiwa kelele inapungua au inatoweka, chanzo kiko katika njia inayopitisha nguvu hiyo: pistoni, pini yake, au beringi ya konrodi ya silinda ile ile. Ikiwa inapungua tu pale silinda mbili jirani zinapozimwa pamoja, yafaa kuitilia shaka beringi kubwa ya kranki iliyo kati yao. Fundi hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, akaangalia matokeo. Hiyo ndiyo kanuni ile ile ya jaribio la maabara.

Kuna jaribio jingine la namna hii. Mkanda wa feni hutolewa, na injini huwashwa kwa muda usiozidi dakika moja, kwa kuwa pampu ya maji imesimama. Kelele ikitoweka, injini haina ugonjwa. Beringi ya pampu ya maji au ya dainamo ndiyo iliyoingia kutu.

SAUTI NA WENYEWE

Sauti zinazosikika zaidi katika gari lililolala ni hizi:

(a) Mchakacho wa mbele ya injini, wa sekunde chache tu baada ya kuwasha. Katika injini ya petroli ya Land Rover ya sentimita za ujazo 2,286, mnyororo unaozungusha kamshafti hukazwa na kifaa kinachosukumwa na presha ya oili. Baada ya kulala kifaa hicho huwa hakina oili, na mnyororo huchezacheza hadi presha ipande. Usipokoma, mnyororo au kifaa hicho kimekwisha.

(b) Mgongo mwepesi wa juu, kama cherehani, wa nusu ya mwendo wa injini. Hiyo ni vali. Kati ya roka na shina la vali huachwa nafasi ndogo. Katika Land Rover hiyo ni milimita 0.25. Sababu ya nafasi hiyo ni joto: fimbo ya chuma cha pua yenye urefu wa sentimita 20 ikipata nyuzi 80 za Sentigredi zaidi hurefuka kadiri ya milimita 0.19. Nafasi ikizidi, roka hulipiga shina badala ya kulisukuma.

(c) Mgongo unaofanana na huo, lakini wenye pumzi ndani yake, unaosikika kando ya ekzosi na kupungua injini ikipata joto. Huu ni moshi unaovuja kwenye gasketi iliyooza. Wengi wamekaza vali zisizo na kosa kwa sababu ya gasketi hii.

(d) Mgongo mzito wa ubavuni mwa silinda, mkubwa asubuhi na mdogo injini ikichemka. Hii ni pistoni iliyopwaya. Pistoni ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya silinda ya chuma. Yenye kipenyo cha milimita 90 ikipata nyuzi 100 zaidi hutanuka kadiri ya milimita 0.2, na silinda kadiri ya 0.1, hivyo joto lenyewe huziba pengo. Kelele hii si nzuri, lakini haiui injini upesi.

(e) Mlio mkali kama changarawe ndani ya mkebe, unaotokea gari likipanda mlima au likivuta mzigo. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake au kwa namna isiyo sawa. Sababu huwa ni masizi ndani ya silinda, au distribyuta iliyotegwa vibaya.

(f) Mgongo mzito wa chini, unaozidi injini ikipata joto na oili ikiwa nyepesi, unaosikika wazi hasa mguu unapoondolewa kwenye akselereta. Hii ni beringi. Injini na izimwe.

Tofauti ya (d) na (f) ni ya kukumbukwa daima. Kelele inayopungua kwa joto huruhusu subira. Kelele inayoongezeka kwa joto haina subira.

MFANO WA KILINDONI

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia, ila kila sehemu yake ni ya kawaida katika gereji. Land Rover ya mwaka 1972 imekaa Kilindoni miaka kumi na miwili. Matayarisho yote yamefanywa. Injini inawashwa, na kelele tatu zinasikika pamoja.

Ya kwanza, mchakacho wa mbele, inakoma baada ya sekunde nne: ni mnyororo, na oili imefika. Ya pili ni mgongo mwepesi wa juu. Nukta za penseli ni 50 kwa sekunde 10, na kuzima silinda hakuubadilishi. Fila geji inaonyesha vali moja ina nafasi ya milimita 0.45. Inarekebishwa hadi 0.25, na kelele inatoweka.

Inabaki ya tatu. Mwanzoni haikusikika, kwa sababu ilifunikwa na ya pili na kwa sababu oili ilikuwa baridi na nzito. Baada ya dakika kumi inajitokeza chini ya injini, nzito, na taa ya oili inaanza kumetameta. Silinda ya tatu inapozimwa, kelele inapungua sana.

Mwenye gari amefurahi. Gari limewaka baada ya miaka kumi na miwili, na kelele, kwa sikio lake, ni ndogo. Anataka kulipeleka Utende na kurudi jioni. Fundi anakataa, na sababu zake ni za hesabu.

Kila mzunguko, pistoni husimama juu, hugeuka, na kurudi chini. Kugeuka huko ni mchapuko mkubwa, na mchapuko huo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Katika injini hii pistoni husafiri milimita 88.9 kutoka chini hadi juu. Kwa mizunguko 600 kwa dakika, mchapuko wake ni kadiri ya mara 18 ya ule wa kitu kinachoanguka. Kwa mizunguko 3,000, yaani mara tano zaidi, mchapuko ni mara ishirini na tano zaidi: kadiri ya mara 450. Kipande cha nusu kilo huvuta kana kwamba kina uzito wa kilo 200 na zaidi, mara 50 kwa sekunde. Beringi nzima huupokea mzigo huo juu ya utando wa oili. Beringi iliyopwaya huacha konrodi ipige kama nyundo. Kile kilichokuwa kikigonga taratibu bandani, njiani kitapondaponda.

Injini inazimwa. Sampu inashushwa, kazi ambayo katika gari hili hufanyika bila kuiondoa injini, na kifuniko cha konrodi ya tatu kinafunguliwa kwa chini. Beringi yake ni vipande viwili vyembamba vilivyopindwa nusu duara, vyenye uso wa metali laini. Uso huo umekuwa na vishimo, kwa sababu asidi iliyoundwa ndani ya oili kuukuu iliula polepole miaka yote gari lilipolala. Lakini shingo ya kranki, ikipimwa kwa maikromita na kupapaswa kwa ukucha, ingali duara na laini.

Hapo ndipo faida ya kusikiliza inapoonekana. Metali laini imejitoa mhanga kama ilivyokusudiwa, na chuma ghali kimesalimika. Kinachohitajika ni jozi ya beringi mpya, kifurushi ambacho msafiri mmoja huweza kukivusha bahari mfukoni. Safari moja ya Utende ingeigeuza kazi hiyo kuwa kranki ya kusagwa ng'ambo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

UKIMYA WENYE HATARI

Yafaa kuongeza jambo moja ambalo huwapotosha hata mafundi wazoefu: si kila injini isiyo na kelele ni nzima.

Magari ya zamani yalitengenezwa wakati petroli ilitiwa madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na mwaka 2021 ikakoma duniani kote kwa magari ya barabarani. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Lakini masalio yake yalikuwa pia yakikinga vikalio vya vali za ekzosi. Katika baadhi ya injini ambazo vikalio hivyo vilichongwa katika chuma cha kawaida, mwendo mkali na mzigo mzito bila risasi hukifanya kikalio kulika, na vali huzama juu ndani ya kichwa cha injini.

Sasa na ifuatwe hoja hii kwa makini. Vali ikizama, shina lake hupanda kuelekea roka. Nafasi ya milimita 0.25 hupungua, ikawa 0.15, kisha 0.05, kisha sifuri. Kelele ya vali hupungua pamoja nayo, na mwenye gari husema injini yake inazidi kutulia. Nafasi ikiisha, vali haifungi tena barabara. Moto hupenya pembezoni mwake na kuiunguza, na nguvu ya silinda hupotea. Ndiyo maana fundi hodari hupima nafasi za vali kwa fila geji hata pale sikio linaposema hakuna kitu. Sikio huongoza kwenye kipimo. Haliwi badala yake.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu huweza kuonyesha kiini cha mambo haya bila gari. Saa ya mkono yenye mlio au saa ndogo ya mezani na iwekwe kwenye ncha moja ya meza ndefu ya mbao. Mwanafunzi asimame kwenye ncha ya pili na kujaribu kuisikia kwa hewa. Kisha abane sikio juu ya mbao. Halafu rula ya chuma iwekwe kati ya saa na mfupa ulio mbele ya sikio, na wanafunzi wa kundi la pili, wakiwa wamefumba macho, waambiwe wataje ni ipi kati ya saa tatu zilizofunikwa kwa kitambaa kimoja inayofanya kazi.

Baada ya hapo mwanafunzi mmoja agonge meza kwa kalamu kwa mwendo asioutangaza, na wengine wafuatishe kwa nukta za penseli muda wa sekunde 10. Darasa lilinganishe hesabu zake, na kutafuta ni katika idadi gani ya mapigo kwa sekunde mikono inaanza kushindwa. Idadi hiyo ndiyo mpaka wa sikio la fundi anayetumia njia hii, na yafaa kila mwanafunzi aujue wa kwake kabla hajainama juu ya injini.